Kugandisha udongo: maji yanayotembea hayagandi kwa amri

Kazi yangu ni kugandisha udongo kwa mabomba ya baridi, ili ukuta wa barafu uzuie maji tunapochimba shimo au handaki. Nimechoka kuambiwa na wateja: "Huko chini maji ni tele, ukuta wa barafu utajifunga wenyewe." Wingi wa maji haunisumbui hata kidogo, udongo mkavu ndio usio na cha kugandisha. Kinachoniharibia kazi ni mwendo wake. Maji ya chumvi tunayoyazungusha kwenye mabomba huwa kama nyuzi 25 hadi 35 chini ya sifuri. Mabomba yakiachana mita moja hivi, na maji ya ardhini yakatembea zaidi ya mita moja au mbili kwa siku, joto yanaloleta huishinda baridi yetu. Tena kadiri barafu inavyonenepa, ndivyo maji yanavyobanwa kwenye upenyo uliobaki na kupita kwa kasi zaidi. Upenyo huo unaweza kukaa wazi miezi, huku vipimajoto vya pande nyingine vikionyesha mambo shwari.

Hapo mteja hutaka mtambo mkubwa zaidi wa baridi. Hapana! Kwanza chungulia kwa jirani, uone kama anavuta maji kwa pampu kwenye shimo la msingi wake. Ikiwa ndiyo inayoyatembeza, mwombe aizime. Isipowezekana, dunga rojo ya saruji kwenye changarawe, ongeza safu ya mabomba upande maji yanakotoka, au leta nitrojeni kimiminika, iliyo baridi mno kuliko maji yetu ya chumvi.

Na vipimajoto peke yake si ushahidi kwamba ukuta umefunga. Kwenye shimo la wima, mimi hutoboa kisima chembamba katikati. Maji yake yakianza kupanda, nafurahi: barafu inayotanuka inayasukuma, nayo hayana pengine pa kukimbilia.

Wateja wana mengine pia: "Umeme ukikatika saa moja, handaki litaanguka." Ukuta mnene hauyeyuki kwa saa moja, barafu hudai joto jingi kabla ya kuachia. Ila maji yakiwa yanatembea, siahidi kitu.

"Basi tutumie nitrojeni kila mahali." Inagandisha kwa siku badala ya wiki, kweli, lakini ikishageuka gesi inapotea hewani na unanunua nyingine. Ndani ya handaki hufukuza oksijeni, na mtu huzimia bila kusikia harufu yoyote.

"Ikiyeyuka, ardhi inarudi ilivyokuwa." Kwa changarawe safi, karibu kweli. Mfinyanzi huvimba ukiganda na kutitia ukiyeyuka, wakati mwingine chini ya ulipokuwa, kwa hiyo mirija ya kudungia rojo ya kujazia panapotitia tunaiweka kabla ya kuzima mtambo.