"Nikiacha mimi, hakuna atakayefanya"

Nimeisikia tena kauli hiyo wiki hii, na nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Anayeisema huwa ameketi mbele yangu, simu juu ya paja, mlio umefunguliwa mpaka mwisho. Katika kikao cha ushauri cha saa moja, mama mmoja alipokea simu tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mdogo wake, mtu mzima mwenye watoto, akiuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Akakata, akaniambia, "Umeona?"

Nimeona. Nimeona mtu ambaye hajawahi kuachwa autafute ufunguo mwenyewe. Hao wanaokupigia hawajashindwa, wamezoeshwa. Ukiwahi kutatua jambo kabla mwenzako hajahangaika nalo, kesho atakupigia tena, nawe utaihesabu simu hiyo kuwa ushahidi kwamba hawawezi bila wewe.

Tena mwokoaji, yaani huyu anayebeba mambo ya wote, habaki mwokoaji. Mwaka 1968 Stephen Karpman, daktari wa akili wa Marekani, alichora pembetatu ya mwokoaji, mwathiriwa na mtesaji, akaonyesha jinsi watu wanavyobadilishana nafasi hizo. Ndicho ninachokishuhudia: kujitolea kunazaa kinyongo, kinyongo kinazaa masimango ("kwa yote niliyowafanyia!"), na waliookolewa wanaanza kumkwepa. Nawaagiza wote jambo lilelile: chagua shughuli moja ndogo, ikabidhi yote, usiikague. Ikiharibika, iache iharibike. Siku za mwanzo moyo utakwenda mbio. Vumilia, ni mazoea yanakatika.

Ziko na kauli nyingine ninazoambiwa. "Shujaa haonyeshi kuumia." Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa anayezuia huzuni isionekane usoni huendelea kuihisi vilevile, huku moyo na mishipa ya damu ikizidi kulemewa. Kujikaza kunawaridhisha watazamaji tu.

"Ni uchovu, nitalala utapita." Shirika la Afya Duniani lilipofafanua uchovu sugu wa kazini mwaka 2019, lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuhisi hufanikishi kitu. Usingizi utalipunguza la kwanza. Hayo mawili utaamka nayo.

"Kuomba msaada ni kuwatwisha wengine mzigo." Umewauliza? Yule mama alipomwomba mdogo wake ampeleke mzazi wao kliniki, alijibiwa, "Dada, mimi nilidhani hutaki niguse mambo yako."