Dawa ya tumbaku ikiingia kisimani: maswali kuhusu nanozaimu

Vitalu vya tumbaku hukaa jirani na maji, kwa sababu miche inataka kumwagiliwa. Wasiwasi wangu unaanzia hapo. Kisima kile kile cha mbugani, yaani bondeni, ndicho anachochota mkulima maji ya kuchanganyia dawa, na ndicho anachochota mtoto maji ya kunywa. Haya ni maswali ya wakulima wa Urambo na Sikonge, mkoani Tabora, kuhusu dawa hiyo na kuhusu nanozaimu, chembe ndogo zinazoweza kusaidia kuitambua sumu kwenye maji.

Nikichemsha maji, dawa si inakufa?

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kiuatilifu, yaani dawa ya kuua wadudu, hakina uhai wa kuuliwa, na moto wa jikoni hauwezi kutegemewa kukiondoa. Klorini nayo si kinga: baadhi ya viuatilifu vya jamii ya organofosfeti hugeuzwa na klorini vikawa vikali zaidi.

Kiuatilifu kinafanya nini mwilini?

Mwilini tuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kiitwacho asetilikolinesterasi. Neva ikituma ujumbe kwa msuli, chenyewe huufuta ujumbe huo ili msuli upumzike. Organofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho, na neva zinaendelea kuamrisha bila kukoma. Ndiyo maana aliyepata sumu hutokwa mate, machozi na jasho, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe pumzi humshinda. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni huku umevaa glovu au mifuko mikononi, usimlazimishe kutapika, mkimbize kituo cha afya. Beba na kopo la dawa, maana mganga atataka kusoma lebo.

Nanozaimu ni kitu gani?

Ni chembe ndogo mno, mara nyingi za madini, zinazofanya kazi ya kimeng'enya. Hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kwamba chembe za magnetiti, yaani oksidi ya chuma yenye usumaku, hufanya kazi kama kimeng'enya cha peroksidasi. Kimeng'enya halisi ni protini, huharibika kwa joto kama ute wa yai kwenye kikaango. Chembe ya madini huvumilia zaidi, na kwa jua la Tabora hilo si jambo dogo.

Inaitambuaje sumu?

Kwa rangi. Njia mojawapo inanivutia sana, kwa kuwa inatumia kimeng'enya kile kile kinachoshambuliwa mwilini mwa mkulima. Nanozaimu hugeuza kimiminika kisicho na rangi kuwa bluu. Asetilikolinesterasi ikiwa nzima, ikipewa chakula chake hutoa kitu kinachoifuta bluu hiyo. Tone la maji yenye kiuatilifu likiingia, kimeng'enya hufungwa, hakuna wa kuifuta, bluu inabaki. Jicho tupu linaona.

Basi inaweza kunisafishia kisima?

Bado. Maabara zimeonyesha kwamba chembe za oksidi ya seriumu, aina ya metali, huvunja baadhi ya organofosfeti, lakini maji ya maabara si maji ya mbugani. Tope na chumvi hufunika uso wa chembe, na kazi yote hufanyika kwenye uso huo. Tena chembe zenyewe hazipaswi kubaki kwenye maji ya kunywa. Za magnetiti zina nafuu yake: sumaku huzikusanya. Akija mtu kukuuzia unga wa nanozaimu wa kumwaga kisimani, usinunue.

Leo nifanye nini?

Ndoo ya dawa iwe ya dawa tu, isizamishwe kisimani. Changanya mbali, upande ambao maji ya mvua hayatelemki kuelekea kisimani, na usioshee bomba la kupulizia mbugani. Lakini kinachoniumiza zaidi ni dumu la dawa kugeuzwa la maji. Plastiki hunywa sumu. Hata ukilisugua kwa majivu na mchanga hadi harufu iishe, sumu bado imo. Likiisha dawa, lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba uyapulizie shambani, kisha litoboe kitako papo hapo, kabla hujaondoka shambani.