Megabaiti za kache hazikuambii seva ipi ina kasi

Leo tena nimeletewa jedwali la kulinganisha prosesa mbili za viini vingi (multicore), na mshindi ametangazwa kwa safu moja tu: ukubwa wa kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Hii ina megabaiti 32, ile 16, basi hii ndiyo yenye kasi. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno.

Kwa kiini kimoja hoja hiyo ina ukweli kiasi. Data hukosekana kwenye kache kwa kuwa inaitwa mara ya kwanza, au nafasi haikutosha, au anwani zimegombania seti moja, yaani kikundi kimoja cha nafasi chache. Ukiongeza nafasi, sababu ya pili hupungua. Tusonge mbele.

Viini vikiwa vingi huingia sababu ya nne: mwenzako ameandika. Chini ya itifaki ya MESI, yaani kanuni za kuzifanya nakala za viini vyote zipatane, kiini hakiandiki kwenye mstari wa kache (kipande cha data kinachohamishwa kwa pamoja) kabla nakala zake kwenye viini vingine hazijabatilishwa. Ukirudi kusoma, nafasi unayo, nakala unayo, lakini ni batili. Hata ungepewa kache ya gigabaiti nzima, ungekosa vilevile.

Tena kinachobatilishwa ni mstari mzima! Kwenye x86, prosesa za akina Intel na AMD, mstari ni baiti 64, yaani kaunta (vihesabio) nane za baiti nane nane zinaenea humo. Zipe nyuzi nane (thread, mikondo ya programu inayoenda sambamba), kila moja iongeze kaunta yake. Kwenye msimbo hakuna anayegusa cha mwenzake, ilhali mstari unanyang'anywa huku na huku bila kupumzika. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa programu iliyozidi kuwa nzito kila nilipoongeza uzi. Dawa ikawa kuipa kila kaunta mstari wake. Na usikariri 64: kwenye prosesa ya Apple M1 mstari ni baiti 128. Mstari mrefu huwanufaisha wanaosoma data mfululizo, na huohuo huwaumiza wanaoandika jirani jirani. Sasa hapo kache bora ni ipi, bila kutaja programu?

Wengine hukimbilia asilimia ya mara data inapopatikana kwenye kache. Eti 99 na 98 ni karibu sawa. Aliyekosa mara mbili kwa mia amekosa maradufu: kache ikijibu kwa mizunguko 4 ya saa ya prosesa na kukosa kukiongeza 200, wastani ni 6 dhidi ya 8. Hata hesabu hii siiamini kikamilifu, kwa sababu prosesa huendelea na maagizo mengine wakati data inasubiriwa, na sehemu ya ucheleweshaji hufichika. Wala kukosa hakuna bei moja, maana mstari unaweza kutoka kumbukumbu kuu au kwenye kache ya kiini jirani.

Kwa hiyo nileteeni muda wa programu yenu wenyewe, kwa uzi 1, 2, 4, 8, kila uzi ukiwa umefungwa kwenye kiini chake. Kwenye Linux, endesheni pia zana ya perf c2c muone ni mistari ipi inagombaniwa. Megabaiti tutazijadili baadaye.