Karani hakukosea: 12,5 si 125

Wiki hii nimeambiwa tena. Kijana aliyemwandikia mnunuzi mmoja wa samaki hapa Mwanza kikokotoo cha malipo alinipigia simu nimsaidie kutafuta kasoro, na kabla hajaieleza kasoro yenyewe akatanguliza: "Kaka, programu haina shida. Karani ndiye anajaza vibaya."

Maneno hayo nimeyasikia Kirumba, nimeyasikia Igogo, nimevuka na kivuko cha Kamanga nikayakuta Sengerema kwenye duka la pembejeo. Na kila nilipokwenda kukaa nyuma ya kiti cha karani, nimekuta ameandika kile kile alichokusudia kuandika. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa.

Nilikwenda. Ofisi ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mizani, si mbali na Mwaloni. Mpimaji anaweka sangara juu ya mizani, anapaza sauti, karani anaandika. "Kumi na mbili na nusu!" Karani akaandika 12,5. Amekulia Bukavu, Kongo, na huko shule zinafuata mtindo wa Kifaransa: kinachotenga kilo nzima na vipande vyake ni koma, si nukta. Ameandika hivyo tangu darasa la kwanza. Bei kwenye kisanduku cha pili ilikuwa 8,000 kwa kilo. Akabonyeza kitufe, na jibu likatoka 1,000,000.

Jibu sahihi ni 100,000. Hakukuwa na ujumbe wowote wala mlio. Risiti ilikuwa tayari kuchapwa.

"Kaka, mimi nimeandika kumi na mbili na nusu," akaniambia. "Hii milioni inatoka wapi?"

Inatoka kwenye mstari mmoja. Kijana anaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na Python ukiipa `float("12,5")`, yaani ukiiambia igeuze maandishi hayo kuwa namba, inakataa palepale kwa ujumbe wa kosa, `ValueError`. Ingebaki hivyo, karani angeona kosa, angeandika upya, na siku ingeendelea. Lakini nyuma kidogo tajiri alikuwa amelalamika kwamba akiandika 1,250,000 kwenye kisanduku cha malipo ya awali, programu inagoma. Kijana akaongeza `replace(",", "")`, yaani futa kila koma, kabla ya `float`. Milioni moja na robo ya tajiri ikapita. Ile 12,5 ya karani nayo ikapita, ikiwa imegeuka 125.

Wanaotumia .NET, zana za Microsoft za kuandikia programu, wasidhani wako salama. `decimal.Parse("12,5")` kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani inatoa 125 bila kuulizwa, kwa sababu inaruhusu koma za maelfu na haihakiki kama baada ya koma kuna tarakimu tatu. Kompyuta yenye mpangilio wa Kijerumani inafanya kinyume: hapo ni 12.5 ya nukta ndiyo inayosomwa 125. Laptopu za mtumba kutoka Ulaya zimejaa mjini, na mtu akibadilisha lugha ya Windows anaweza kabisa kuacha mpangilio wa namba wa nchi ilikotoka. Kwenye JavaScript, `parseFloat("1,250")` inarudisha 1, na `Number("")` inarudisha 0, yaani kisanduku kitupu kinakuwa kilo sifuri. Kila lugha ina mtego wake. Isome lugha yako.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Nilipomwonyesha mstari ule, kijana akasema: "Basi nazuia koma kwenye kibodi. Kisanduku kikubali tarakimu na nukta tu, tumemaliza."

Hatujamaliza. Tumerudi palepale, na safari hii kosa tumelificha vizuri zaidi.

Mtazame karani anavyofanya kazi. Macho yake yako dirishani, kwenye mizani, kwa sababu hesabu ya mpimaji nayo lazima aihakiki. Vidole viko kwenye kibodi. Anabonyeza moja, mbili, koma, tano. Programu inaimeza koma kimyakimya, na kisanduku kinabaki na 125. Ni namba safi, tarakimu tupu, inapita kila uhakiki utakaouandika baadaye. Ulichofanya ni `replace(",", "")` ile ile, ila sasa unaifanya kabla maandishi hayajaingia, kwa hiyo hata ukiweka kumbukumbu ya kile alichoandika utakuta 125 na utaapa mbele ya tajiri kwamba karani ndiye aliyeiandika. Hivyo ndivyo mtu anavyokatwa mshahara kwa kosa lisilo lake. Sisemi kwa kutia chumvi. Kwenye ofisi nyingine niliyowahi kuitwa, makato yalikuwa yameshafanyika nilipofika.

Kuzuia herufi si kuhakiki. Kuhakiki ni kuuliza kama maandishi yote, yalivyo, yana maana moja tu, na kama maana hiyo inawezekana mahali hapa. Swali hilo huwezi kulijibu herufi kwa herufi, kwa sababu mtu anayeandika namba lazima apite kwenye hali ambazo bado si namba. Kabla ya 0.350 kuna anayeanza na nukta peke yake. Kabla ya namba hasi kuna alama ya kutoa. Na kabla ya kila kitu kuna utupu. Ile kasoro ya "tarakimu ya mwisho haifutiki", ambayo naletewa mara kwa mara, chanzo chake mara nyingi ni hiki: uhakiki unakataa utupu, kwa hiyo ukitaka kufuta 7 iliyobaki peke yake, programu inakurudishia 7. Waliotengeneza Qt, zana za kuundia madirisha ya programu, wameliona hili, ndiyo maana kihakiki chao kina majibu matatu: haifai, inafaa, na bado haijakamilika. Jibu hilo la tatu ndilo watu wanalisahau wanapoandika vyao wenyewe.

Na kama unatumia Tkinter, zana za Python za kuundia madirisha na visanduku, kama kijana huyu, kuna shimo jingine. Kisanduku chake cha `Entry` kinakuwezesha kuhakiki kila kibonyezo kupitia `validatecommand`. Lakini fankisheni yako isiporudisha kweli au si kweli, au ikirusha hitilafu, Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, inaizima kabisa hiyo hali ya uhakiki. Vivyo hivyo ukikibadilisha kisanduku chenyewe ukiwa ndani ya uhakiki. Ndiyo sababu unaona herufi ya kwanza imehakikiwa, na kuanzia ya pili kila kitu kinapita. Programu ya kijana ilikuwa hivyo hivyo: njia moja ndani ya `if` haikuwa na `return`, kwa hiyo ilirudisha `None`, ambayo si kweli wala si uongo. Alikuwa amekaa siku mbili akidhani kompyuta ya ofisi ina virusi. Hakikisha kila njia inarudisha `True` au `False`. Kama unalazimika kukibadilisha kisanduku kutokea humo, iwashe tena hali ya uhakiki ukimaliza.

Mengine niyapitie upesi. Ondoa nafasi za mwanzo na mwisho. Mtu akiandika "12.5 kg" usimgombeze, ondoa hiyo kg. Usitumie `isdigit()`, inayouliza kama maandishi ni tarakimu tupu, kupima kilo: inakataa 12.5, na inakubali ², ambayo `int` itaikataa. Pesa zisikae kwenye `float`, ambayo haihifadhi namba kama 12.1 sawasawa, tumia `Decimal`, na uijenge kutokana na maandishi yenyewe, maana `Decimal(12.1)` inabeba takataka ile ile ya `float` uliyokuwa unaikimbia.

Halafu kuna `nan`, kifupi cha "not a number", yaani si namba. Python inaikubali `float("nan")` bila kinyongo. Ukiandika sharti la kukataa kama kilo ni chini ya au sawa na sifuri, au zaidi ya 5,000, `nan` inapenya, kwa sababu ukiilinganisha na namba yoyote kwa njia hiyo jibu ni si kweli. Geuza sharti: kubali tu ikiwa `0 < kilo <= 5000`, na kisichokidhi kikataliwe. Bado sijamwona mtu akiiandika `nan` kwa vidole, lakini nimeikuta ikiingia kwa kunakiliwa kutoka kwenye faili la programu nyingine, na jumla ya siku nzima ikageuka `nan`.

Sasa koma. Nilichomwandikia kijana ni hiki: usiondoe koma kabla hujajua kazi yake. Soma maandishi yote. Kama ni tarakimu tupu, au tarakimu na nukta moja yenye tarakimu baada yake, ni namba. Kama yana koma, kila koma lazima ifuatwe na tarakimu tatu kamili, na kabla ya koma ya kwanza kuwe na tarakimu moja hadi tatu. Hapo ndipo koma ni za maelfu na unaweza kuziondoa. Ile 12,5 haimo kwenye mafungu hayo, kwa hiyo inakataliwa waziwazi, maandishi ya karani yakibaki kisandukuni kama alivyoyaandika, na ujumbe unauliza: "Umeandika 12,5. Una maana ya kilo 12 na nusu?" Anabonyeza ndiyo, basi.

Imebaki 1,250, na hapa sina jibu safi. Kwa mtindo wetu ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa karani wa Bukavu ni moja na robo. Inapita kanuni yangu bila tatizo lolote, na inaweza kuwa kosa la mara elfu. Kwa mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, kidogo napumua: mabondo hupimwa kwa gramu, hakuna atakayeleta kilo 1,250 mezani kwa mara moja, kwa hiyo kikomo cha kisanduku kinaikamata. Kwa dagaa kikomo hakinisaidii. Kuna anayenunua tani na zaidi apeleke Kongo, na kuna anayechukua kilo moja na robo ya nyumbani, wote kwenye foleni moja. Nilifikiria kumpa kila karani mpangilio wake, anayetumia koma awe na wake. Sikuufurahia, kwa sababu kompyuta ni moja na makarani wanapokezana kiti, na anayeinuka hakumbuki kubadilisha.

Kwa sasa nafanya jambo moja ambalo naliamini kuliko kanuni zote hizo. Kando ya kisanduku, kwa herufi kubwa, programu inaandika ilichoelewa kwa maneno ya mizani: "Kilo 1 na gramu 250", au "Kilo 1,250 (tani moja na robo)". Inaandika hivyo kila mara, hata pasipo utata. Sijui kama baada ya mwezi mtu anaacha kuyaona maneno hayo, kama anavyoacha kuuona ukuta. Huenda. Ndiyo maana nimeyaweka na kwenye risiti pia, anakokutana nayo muuza samaki, na huyo hachoki kusoma.

Kijana akaniuliza kama hiyo si kazi kubwa kwa kisanduku kimoja. Nikamwuliza kisanduku chake cha zamu kinasomaje. Karani alikuwa ameandika aliingia saa 2:00, na programu ikamhesabia kuanzia saa nane za usiku, kwa sababu yeye aliandika saa mbili ya asubuhi kama anavyoisema kila mtu humu ndani. Uhakiki ulipita, tarakimu zote zilikuwa halali, na zamu ikawa ndefu kwa saa sita. Hapo hakubisha. Akavuta kiti akafungua faili.

Tuliijaribu alasiri ile ile, mizani ikiendelea. Mpimaji akapaza sauti: "Sita na robo!" Karani akaandika 6,25 bila kutazama skrini, kama kawaida yake. Swali likatokea, akageuka, akasoma, akabonyeza ndiyo. Kisha akanionyesha kitufe cha ndiyo kwa kidole.

"Hiki kiwe kikubwa," akasema. "Mikono yangu ina maji ya samaki."

Tumekikuza.