Bogenvilia ya uzioni haijafa: maneno ya mtaani na ukweli wake

Kufikia Septemba, bogenvilia nyingi za Tabora mjini huwa taabani. Mbuzi wamezinyofoa, moto wa takataka umezibabua, au kibarua kazifyeka bila mpango. Wenyewe huanza kuzihurumia, na mara nyingi huruma ndiyo inayozimaliza.

"Imekauka, ing'oe." Kupukutika majani si kufa. Kwangua ganda la tawi kwa ukucha, ukianzia nchani. Ukikuta ukahawia mkavu, shuka sentimita 10 ukwangue tena. Ukifika penye ukijani wenye majimaji, hapo pana uhai: kata kwa mkasi mkali, sentimita 1 juu ya jicho (kijinundu kinakotokea chipukizi), mkato uinamie upande usio na jicho ili maji yasilichuruzikie. Matawi yote yakiwa makavu, jaribu shina karibu na ardhi. Hata kisiki cha sentimita 30 huchipua, mradi mizizi ni mizima. Kata mwishoni mwa Oktoba, mvua zikikaribia, na usikate tamaa kabla ya Januari.

"Imwagilie kila siku ipate nguvu." Mmea usio na majani hunywa kidogo sana. Maji yakizidi, mizizi hukosa hewa ikaoza, hasa kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi. Majani machanga hugeuka njano, na mwenye nyumba, akidhani ni kiu, huongeza ndoo! Chomeka kidole sentimita 5. Kukiwa na unyevu, acha. Kwenye mchanga, lita 10 kila baada ya siku 7 hadi 10 zinatosha mmea uliokwisha kushika.

"Weka urea ichanue." Urea ina naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni hujenga majani. Utapata ukuta wa kijani tupu. Aliyebakiza NPK 10-18-24 ya tumbaku (naitrojeni asilimia 10 tu, iliyobaki ni fosfati 18 na potashi 24) ana mbolea bora zaidi stoo: vijiko 2 vya chakula, vitawanywe sentimita 30 kutoka shinani, udongo ukiwa umelowa. Ngoja kwanza machipukizi yafike urefu wa kiganja, la sivyo utaunguza mizizi iliyo dhaifu.

"Ihamishie kivulini ipumzike." Bila jua la saa 6 kwa siku haichanui. Tena mizizi yake ni myembamba, hukatika ovyo. Kuing'oa ikiwa majeruhi ni kuiua.

"Mchwa wameiua." Kwa kawaida wamefuata matawi yaliyokwisha kufa. Ondoa matawi makavu, na matandazo yakae sentimita 10 mbali na shina.

"Maua yanaanguka, inaumwa." Zile karatasi za rangi ni majani yaliyogeuka, maua halisi ni vijimrija vitatu vyeupe vilivyojificha katikati yake. Zikianguka, punguza ncha za matawi sentimita 15, maana ua hutoka kwenye tawi jipya. Mvua zikikatika, mwezi Mei, acha majani yalegee kidogo ndipo umwagilie. Kiu hiyo ndogo ndiyo inayoisukuma kuchanua.