Kujenga upya ligamenti ya goti ni nini?

Ligamenti ya mbele ya goti, ACL kama wanavyoiita watangazaji wa mpira, ni ukanda mfupi ulio katikati ya goti, unaozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haiungi kwa kushonwa. Ncha zake huzama katika ute wa goti, damu haipati nafasi ya kuganda juu yake, na kidonda hakifungi. Ndiyo maana daktari huweka kano nyingine mahali pake.

Kano hiyo itoke wapi? Hapo ndipo mabingwa wanapobishana. Wapo wanaokata theluthi ya kati ya kano iliyo chini ya pia ya goti, pamoja na kipande cha mfupa kila upande. Mfupa hushikana na mfupa vizuri, kwa hiyo wanamichezo wengi hufanyiwa hivyo. Ubaya wake ni maumivu ya mbele ya goti, na mwenye kusujudu kila siku atayahisi. Wengine huchukua kano mbili za misuli ya nyuma ya paja na kuzikunja zikawa nne. Hapo goti haliumi sana pale mbele, ila nguvu ya kulikunja hupungua kiasi. Kano ya marehemu hutumika pia, lakini kwa vijana hukatika mara nyingi zaidi. Sioni kwa nini mchezaji wa ligi aichague.

Kazi hufanywa kwa kamera nyembamba kupitia matundu madogo. Mifupa miwili hutobolewa, kano huvutwa ipite, kisha hubanwa kwa skrubu au kifungo kidogo cha chuma. Tundu likikaa pembeni kwa milimita chache tu, goti laweza kubaki legevu au lisinyooke. Muulize daktari ameshafanya ngapi kabla ya kuuliza bei.

Kinachowaponza wengi ni miezi inayofuata. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza, hadi mishipa mipya ya damu iingie na kuijenga. Wakati huohuo maumivu yamekwisha, mtu anatembea, anajiona mzima. Alexia Putellas, mchezaji wa soka aliyekuwa Barcelona, alikatika ligamenti hii Julai 2022, akarudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023. Madaktari wengi hutaka angalau miezi 9, na mguu upimwe nguvu dhidi ya mwenzake. Wasiocheza michezo ya kugeuka ghafla, baadhi yao huishi vizuri kwa mazoezi ya tiba peke yake, bila kisu.