Kuugua baada ya kula mazao yaliyoondolewa sokoni: dhana potofu na ukweli kuhusu madai ya fidia

Sheria za Marekani humruhusu mtu aliyeugua kwa kula mboga au matunda yenye vimelea kudai fidia ya gharama za matibabu, kipato alichokosa na maumivu aliyopata. Haki hiyo hupotea mara nyingi nyumbani na hospitalini, kabla wakili hajaonwa.

Dhana: Tangazo la kuondoa bidhaa sokoni linatosha kushinda kesi.

Tangazo huonyesha tu kwamba shehena fulani ilikuwa na vimelea, au ilishukiwa kuwa navyo. Halithibitishi kwamba wewe uliila shehena hiyo, wala kwamba ndiyo iliyokuuguza, na mambo hayo mawili ndiyo ambayo mdaiwa atayapinga kwa nguvu zote.

Kinachokuunganisha hasa na shehena hiyo ni kipimo cha choo. Maabara ikiotesha bakteria kutoka kwenye sampuli ya mgonjwa, na maabara ya afya ya jimbo ikasoma vinasaba vyake, matokeo huingizwa katika PulseNet, mtandao ulioanzishwa mwaka 1996 ambao hulinganisha bakteria wa wagonjwa wa majimbo mbalimbali na wale waliokutwa kwenye chakula. Wakifanana, hoja kwamba uliugua kwa kitu kingine hudhoofika sana. Tatizo ni kwamba hospitali nyingi siku hizi hutumia vipimo vya haraka vinavyotambua vinasaba vya kimelea bila kukiotesha. Majibu hutoka upesi, lakini pasipo bakteria hai ulinganisho huo huwa mgumu. Kwa hiyo ni busara mgonjwa amwombe daktari sampuli ioteshwe, na ichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki, dawa ambazo madaktari huziepuka pia pale wanaposhuku E. coli (bakteria wa utumbo) ya aina inayotoa sumu iitwayo Shiga, kwa kuwa huenda zikaongeza hatari ya figo kushindwa kufanya kazi.

Dhana: Tangazo likisema tupa, kilichobaki kitupwe mara moja.

Kisiliwe, hilo halina mjadala. Lakini aliyekwisha kuugua anatupa ushahidi wake mwenyewe. Mwaka 2006, spinachi ilipoeneza E. coli O157:H7, mojawapo ya aina hizo zenye sumu, mifuko iliyokutwa kwenye majokofu ya wagonjwa ilipimwa na bakteria hao wakapatikana ndani yake. Mifuko hiyo ilikuwa imechapwa namba P227A, ambapo 227 ilikuwa siku ya mwaka ambayo spinachi ilifungashwa, yaani tarehe 15 Agosti, na kwa namba hiyo wachunguzi walifuata njia hadi mashambani California. Mfuko ufungwe ndani ya mwingine, uandikwe usiguswe, uwekwe mbali na vyakula vingine, na idara ya afya ijulishwe. Mfuko ukiwa umeshatupwa, risiti au kumbukumbu za kadi ya mteja wa duka zinaweza kuonyesha kilichonunuliwa na siku kilipouzwa.

Dhana: Wa kulaumiwa ni mlo wa mwisho.

E. coli O157:H7 kwa kawaida huanza kuonyesha dalili siku 3 hadi 4 baada ya kuliwa, na Listeria, bakteria mwingine wa kwenye chakula, inaweza kukaa hadi siku 70 kabla ya dalili. Anayemshitaki mwenye mgahawa wa jana huenda anamwacha mhusika halisi.

Dhana: Ni lazima uthibitishe uzembe wa mkulima.

Katika majimbo mengi si lazima. Tangu hukumu ya kesi ya Greenman ya mwaka 1963 huko California (ambayo, ajabu, ilihusu mashine ya useremala), mdai anatakiwa tu kuonyesha kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro ilipotoka kwa mdaiwa na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru. Baadhi ya majimbo, hata hivyo, humkinga muuza duka ambaye hakuichezea bidhaa.

Dhana: Shamba likifilisika, madai yamekufa.

Mwaka 2011 matikiti ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado yalieneza Listeria. Watu 147 waliugua na 33 wakafariki. Shamba liliomba kufilisiwa mwaka 2012, lakini madai yaliwafuata pia wasambazaji, wauzaji, na hata kampuni ya ukaguzi, kwa sababu shamba hilo lilikuwa limepewa alama za juu za usalama muda mfupi kabla ya mlipuko. Wenye shamba walishitakiwa pia kwa jinai, wakakiri makosa mwaka 2013, lakini hiyo ni kesi ya serikali na haichukui nafasi ya madai ya mgonjwa.

Dhana: Ukirudishiwa bei ya bidhaa, umesamehe.

Pesa ya bidhaa si fidia ya ugonjwa. Kinachofunga mlango ni saini kwenye hati ya kuachilia madai, na hati hiyo ni ya kuogopa hasa pale mgonjwa anapokuwa mtoto aliyeharibika figo, kwa sababu madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati makubaliano hayafunguliwi tena. Kusubiri nako kuna mpaka: kwa mtu mzima, muda wa kufungua shauri la madhara ya mwili kwa kawaida ni mwaka 1 Tennessee, miaka 2 California na miaka 3 New York.